Korido Kati ya Wifi na Mulamu

Mwaka ule niliokuwa darasa la kumi, mama yangu na shangazi yangu waliacha kuongea, na mimi, ambaye hata kuomba mkate kwenye duka la spaza huwa najipanga foleni mara mbili kabla sauti haijatoka, nikawa ndiye mdomo wao.

Tunaishi Bertrams, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Familia nne, jiko moja nyuma, na korido ndefu ya mbao ambayo hulia ukiikanyaga. Chumba chetu ni cha mbele, kinatazama barabarani. Siku za mechi pale uwanja wa Ellis Park vioo vya dirisha hutetemeka, na shangazi hushika sindano mpaka kelele zipite. Pazia limekigawa chumba mara mbili: huku baba na mama, kule mimi na shangazi, kitanda kimoja, na cherehani yake chini ya dirisha.

Shangazi ni dada wa baba. Wao ni watu wa Bukavu. Mama alikulia Kigoma, upande mwingine wa ziwa lingine, na ingawa wote wanaongea Kiswahili, ungewasikia bila kuwaona usingewachanganya. Mama huomba. Hata akiita mtu aje kula, huomba. “Naomba mje mle jamani, chakula kinapoa.” Shangazi haombi. “Leta chumvi.” “Funga mulango.” Mama huona anaamriwa nyumbani kwake. Shangazi huona mama anazunguka mbuyu wakati chumvi iko pale pale mezani. Mama humwita shangazi “wifi”. Shangazi humwita mama “mulamu”, ndivyo wanavyosema kwao, maana ni ile ile. Hata “ndiyo” ya mama, kwa shangazi ni “njo”. Basi neno moja kati ya hayo likisikika kutoka nyuma ya pazia, nilikuwa najua nani kafungua mdomo na nani anaambiwa, bila kuinua macho kwenye daftari.

Hilo nilikuwa nalijua kwa masikio tu. Kwenye kuandika sikulijua kabisa.

Nilikuwa naandika hadithi. Shuleni tunaandika Kiingereza, na uani wenzangu wanaongea Kizulu, lakini hadithi zangu niliziandika kwa Kiswahili kwa sababu msikilizaji wangu alikuwa mmoja tu, na huyo ni shangazi. Nikitoka shule naketi ukingoni mwa kitanda, yeye anapiga pindo za magauni, mimi nasoma. Mbele yake sikuwa na aibu. Labda kwa sababu alikuwa amenipa mgongo.

Siku moja nilimsomea hadithi ya madada wawili waliopika kuku wa jirani. Nilijivunia sana mazungumzo yake. Mwalimu wetu alituambia tusirudie “alisema, alisema” kila mahali. Akianza mtu mwingine kusema, tuanze mstari mpya, msomaji ataona. Nikasoma:

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Na mimi je?”

“Umechelewa.”

“Basi nitamwambia.”

Cherehani ikasimama. “Ngoja kwanza. Nani amechelewa?”

“Yule mdogo.”

“Na nani ataenda kuambia mwenye kuku?”

“Huyo huyo mdogo.”

“Mimi nilifikiri ni yule mukubwa njo ameshiba na anataka kusema. Sasa minamuchukia bure!” Akageuza kiti. “Mutoto yangu, watu wako wote wana mudomo mumoja.”

“Lakini shangazi, nimeanza mstari mpya kila mara.”

“Mustari minausikia na nini? Na sikio?”

Mwalimu alikuwa sahihi kwa anayesoma kwa macho. Shangazi alikuwa anasikiliza kwa mgongo. Nilikasirika kidogo, nikaongeza “alisema yule mdogo” kila mahali, nayo hadithi ikawa kama redio iliyokwama. Shangazi hakulalamika tena, akasinzia.

Kisha ikaja ile harusi.

Binti mmoja wa kanisani kwetu alikuwa anaolewa, na akina mama walikubaliana sare: kitenge kimoja cha bluu chenye ndege wa njano, kila mtu ashone atakavyo. Karibu nusu ya kanisa walileta vitambaa vyao kwa shangazi. Vilirundikwa kitandani kwetu mpaka nikawa nalala ukutani kama picha. Kitambaa cha mama hakikuwamo. Shangazi alidhani mama anangoja wengine waishe, kama mtu wa nyumbani anavyofanya. Siku ya harusi shangazi alitoka asubuhi mapema kwenda kuwavalisha akina mama wengine, kwa hiyo hakumwona mama akivaa. Alimwona kanisani, mbele ya watu wote, akiingia na gauni lililoshonwa na fundi mwingine, wa mtaa wa Fordsburg.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Mama mmoja wa kwaya alimsogelea shangazi akamwambia, si kwa sauti ya chini, “Eh! Hata mulamu wako hakuamini na kitambaa?” Wenzake wakacheka. Shangazi naye akacheka. Anapocheka kweli hushika tumbo. Siku hiyo mikono ilikuwa imetulia mapajani.

Walipoanza nyimbo za sifa kila mtu aliinua mikono isipokuwa mama. Alisimama wima, mikono ubavuni, uso mbele. Shangazi alimtazama muda mrefu.

Kesho yake kabla ya uji, shangazi aliniambia, mama akiwa hatua mbili tu kutoka kwetu, “Ambia mama yako, sukari imeisha.”

Mama akaendelea kukunja shuka. Nikamtazama. Naye akanitazama, akingoja. Ilibidi niseme. “Mama, shangazi anasema sukari imeisha.”

“Naomba umwambie wifi yangu ipo kwenye kopo la kahawa.”

“Shangazi, mama anasema—”

“Kwa kopo ya kahawa, nimesikia,” akasema shangazi, lakini hakusimama mpaka nilipomaliza kusema.

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Kila neno lilipita kwangu, hata walipokuwa wanatazamana. Baba ni mlinzi, hulinda jengo la maofisi mjini. Nilimwomba aingilie. Akafunga kamba za viatu taratibu. “Binti yangu, mimi nalinda mali za watu. Vita ya hapa ina mlinzi wake.” Akanigusa kichwa, akaenda zake.

Walipokuwa chumba kimoja sikuwa na nafasi ya kubadili neno. Lakini mama akiwa jikoni na shangazi kwenye cherehani, kulikuwa na ile korido. Na hapo katikati, kati ya mlango wa majirani Waburundi na ndoo ya kufulia, nilianza kutengeneza maneno.

Mwanzoni nilipunguza tu. Shangazi akisema, “Ambia mama yako azime ile moshi, hapa si jiko ya mukate,” mimi nikifika jikoni nasema, “Mama, shangazi anaomba ufungue dirisha.”

Mama akainua nyusi. “Anaomba? Wifi yangu, anaomba?”

“Ndiyo.”

“Haya,” akasema mama, akafungua dirisha, lakini nilimwona anatabasamu kwa upande, kama mtu anayepewa chenji ya bandia na anataka kuona mwenye duka atafika wapi.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimesikia kitu kilichoninyima raha. Shangazi alikuwa akiongea kwenye simu na mama mmoja wa Soweto, mke wa mwenye spaza, wa kabila lao. Mama huyo alikuwa na chumba kitupu uani na alikuwa anatafuta fundi cherehani akipange. “Nitawaza,” alisema shangazi. “Hapa minakuwa mugeni.”

Nilijifunika shuka mchana kweupe. Akihama yeye, nani atanigeuzia mgongo nisome? Shuleni naweza kumaliza wiki sijasema lolote ila “niko” jina likiitwa. Na shangazi ndiye mtu pekee aliyewahi kuchukia mtu wa hadithi yangu.

Kwa hiyo siku iliyofuata, mama akiwa jikoni na hajanituma lolote, nilitoka, nikatembea nusu ya korido, nikarudi. “Shangazi, mama anasema umsamehe, dada yake mpendwa. Anasema bila wewe nyumba hii si nyumba.”

Nilikuwa nimeipanga vizuri. Hata mimi ilinigusa.

Cherehani haikusimama ghafla. Ilipunguza mwendo, ikafika mwisho wa mshono, ndipo ikanyamaza. Shangazi akakata uzi kwa meno.

“Nani anasema pale?”

“Mama.”

“Mama yako aliniita dada siku gani?” Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. “Mimi ni wifi yake. Tangu aolewe, njaa iko, kilio iko, mimi ni wifi. Na ‘mpendwa’ umeitoa wapi, kwa kadi ya sikukuu? Tena hakuna ‘naomba’ hata moja. Mama yako hawezi kusema maneno yote ile bila kuomba.”

Niliinama kuokota uzi sakafuni. Masikio yaliniwaka.

“Kwa hiyo na ile maneno ingine ni wewe? Na ya jana, kwamba anauliza kama nimekula?”

“Hapana shangazi, hiyo ya kula ni yake kweli! Alisema, ‘Naomba umuulize wifi—’”

“Sasa minajua namna gani?” akasema. “Umeshatia maji kwa maziwa. Nitajua namna gani maziwa ni ipi?”

Siku ile ile alipiga simu Soweto, akasema anakuja Jumamosi.

Siku zilizobaki nilibeba maneno kama yalivyo, lakini hakuna kilichoaminika tena. Nikisema, “Mama anasema maji yamechemka,” shangazi anajibu, “Mama ama wewe?” Nilikuwa nimemfanya mama yangu awe mtu wa hadithi zangu, mtu asiye na mdomo wake. Nikaanza kumsikiliza mama jinsi ambavyo sikuwahi kumsikiliza. Si alichosema tu. Jinsi anavyoanza na “naomba” hata anapogomba. Jinsi anavyovuta pumzi na kusema “jamani” kabla ya jambo linalomuuma. Na kitu kimoja ambacho nilikuwa nakijua toka utotoni bila kukijua: mama akisema neno la moyoni, hulifuta papo hapo. “Nimekukumbuka sana. Haya, osha vyombo.” Hawezi kuliacha wazi, kama mtu anayefunika sufuria.

Jumamosi ilifika na bakkie nyeupe, pikapu ya jamaa mmoja wa kanisani, ikaegeshwa mbele ya dirisha. Jamaa na baba wakabeba cherehani wakaiweka nyuma ya gari, wakaifunga kamba. Pale chini ya dirisha zikabaki alama nne za miguu ya meza na nyuzi za rangi. Shangazi alikuwa anafunga begi. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali kwa nguvu utafikiri ana kesi nao.

Nikaenda jikoni. Nilisimama mlangoni.

Mama hakugeuka. “Naomba ukamwambie wifi yangu awaangalie hao wanaume, wasiilaze cherehani ubavu. Itapoteza mafuta.”

“Nimwambie hilo tu?”

Mwiko ukazunguka mara kadhaa. “Jamani,” akasema mama, akavuta pumzi. “Mwambie na lile gauni la Fordsburg, tangu harusi sijalivaa. Makwapa yananibana. Watu wanainua mikono kumsifu Mungu, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Yule fundi hana macho.” Akakandamiza ugali. “Nilimpelekea yeye kwa sababu wifi yangu miguu ilikuwa imevimba kwa kukanyaga ile pedali. Anashonea kanisa zima, na mimi nimuongezee? Nilimwona akivua ndala na kuisugua miguu.” Kisha akagonga mwiko kwenye sufuria. “Basi. Usimwambie hilo la miguu.”

“Kwa nini nisimwambie?”

“Atasema namhurumia. Wifi hahurumiwi, mwanangu. Nenda.”

Nikaingia kwenye korido. Ilikuwa fupi kuliko siku zote. Pale kwenye ndoo ya kufulia nilisimama, kwa mazoea, nione nitakata nini na kuongeza nini. Hilo la miguu nimeambiwa nisiseme. Bila hilo, ni malalamiko ya gauni tu. Na nikilisema vizuri, kwa mpangilio wangu, shangazi atauliza, mama ama wewe? Nilijua ni kitu gani mle ndani kisingeweza kutungwa na mimi hata kidogo.

Shangazi alikuwa mlangoni, begi mkononi. Jamaa wa bakkie alikuwa ameshawasha gari.

Sikusema “mama anasema”. Nilivuta pumzi, nikasema yote jinsi yalivyotoka, na bila kukusudia mkono wangu ulikuwa unazungusha mwiko usiokuwepo. Naomba ukamwambie wifi yangu. Wasiilaze ubavu. Jamani. Makwapa. Nguzo ya umeme. Yule fundi hana macho. Nikafika kwenye miguu na pedali na ndala. Kisha nikagonga mwiko hewani. “Basi. Usimwambie hilo la miguu.”

Shangazi alihamishia begi mkono wa pili. Niliogopa ataniuliza lile swali lake. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, begi likaanguka, na mikono ikaenda tumboni.

“Usimwambie ya miguu!” akasema huku machozi yakimtoka. “Ah, ule mwanamke! Ni yeye. Ni yeye kabisa.” Akajifuta na ncha ya kitenge. “Na mimi nilifikiri siku ile anakataa kuinua mikono sababu ya kiburi. Kumbe ni makwapa!”

Akanipita. Mbao zikalia mpaka jikoni, hatua zake nzito, kila moja. Nikabaki kwenye korido nimeegemea ukuta, sina ujumbe wa mtu yeyote mkononi.

“Miguu yangu imekukosea nini?”

“Nani kakwambia?”

“Si umetuma mutoto.”

“Nilimwambia asiseme.”

“Hata hiyo amesema. Leta ile nguo.”

“Sasa hivi? Naomba basi nimalize ugali, wifi.”

“Leta, mulamu. Ugali itangoja.”

“Na gari linakungoja nje.”

“Gari nayo itangoja.”

“Jamani.”

Hakukuwa na aliyesema “alisema”, na giza la korido lilininyima sura zao. Sikuhitaji kuuliza nani anasema pale.

Nje jamaa wa bakkie alipiga honi. “Eish, mama, tunaenda ama hatuendi?”

Shangazi akarudi mbio, akatoa kichwa dirishani. “Shusha mashine!”

“Nishushe? Nimeifunga sasa hivi!”

“Fungua. Kuna mikono inabana hapa. Itakuwa kazi ya leo tu.”

“Mama wa Soweto anangoja.”

“Nitamupigia mimi mwenyewe. Shusha, ndugu, Mungu akubariki, lakini usiilaze ubavu.”

Baba akamtazama jamaa, jamaa akamtazama baba. “Sharp, sawa,” akasema jamaa, kwa sauti ya mtu asiyeelewa, wakaanza kufungua kamba.

Ile “ya leo tu” ya shangazi bado haijaisha ninapoandika haya, na cherehani iko chini ya dirisha. Lakini ninachopenda kukumbuka ni mchana ule, ugali ukipoa mezani. Mama amesimama katikati ya chumba ndani ya gauni la bluu lenye ndege, pazia limevutwa kando. Shangazi amepiga magoti pembeni yake, sindano midomoni, anafumua makwapa ya fundi wa Fordsburg uzi kwa uzi na kumtukana kwa Kifaransa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuna aliyenigeukia kusema “mwambie”.

“Inua mikono.”

“Nimeinua.”

“Ile njo kuinua? Juu, mulamu. Juu kabisa.”

Na mama akainua.